Gari la Tisa la Amsel

Nane.

Ndugu Wendlandt akahesabu tena, safari hii kwa kidole. Nane. Karatasi aliyotoka nayo Berlin ilisema tisa, tena ina mihuri miwili.

"Fundi Uhlig," akasema taratibu, "la tisa liko wapi?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na najua wapo walionilaani kwa kuwaacha wima uwanjani namna ile. Haya, nimerudi. Ila aliyekosa gazeti nampa mawili matatu, aingie na wenzake.

Kiwanda cha Amsel pale Hartenbrück, huko Saksonia, kilianza na baiskeli, kabla ya vita vya kwanza. Kikapanda kikawa cha magari, vita vya pili vikakigeuza cha malori ya jeshi, na vita vilipokwisha Warusi wakang'oa kila mashine wakapakia kwenye treni, hadi misumari ya kutundikia makoti. Watu wa Hartenbrück wakaanza upya kwa kuunda sufuria na mikokoteni. Baadaye serikali ikawapa kazi ya kile kigari chenye bodi ya plastiki, kinachokohoa moshi wa buluu, ambacho raia hujiandikisha akiwa kijana na kukipata kichwa kimeanza mvi. Miaka kumi na miwili ya kungoja!

Basi Fundi Lothar Uhlig na wenzake watano wa kikosi wakajifungia karakana ya majaribio miaka saba. Wakatoka na gari. Bodi ya bati, injini isiyokohoa, mlango mkubwa wa nyuma wa kunyanyua juu. Mkewe Hannelore alifariki hospitalini mwaka wa nne wa kazi ile, na siku hiyo Lothar alikuwa karakana akinyoosha bati la kufunika tairi la mbele kwa nyundo ya mbao. Hajajisamehe mpaka leo.

Aprili hii ya mwaka sitini na tisa ikaja barua ya mistari miwili. Mradi umefutwa. Magari yote tisa ya majaribio yapondwe. Sababu haikuandikwa, na aliyeuliza sababu aliambiwa asiulize. Leo, Septemba, Wendlandt amekuja kusimamia.

Sasa turudi uwanjani.

"Tuligongesha ukutani," Lothar akasema.

"Liliungua," Sigi akasema papo hapo.

Loo! Wamesema pamoja, kwa sauti moja, kama wanakwaya waliopewa nyimbo tofauti. Huyu Sigi Kunath ndiye mchomeleaji wa kikosi, mtu mwema kabisa, ila mdomo wake hutoka nyumbani mapema kuliko akili.

Wendlandt akawatazama mmoja mmoja. "Liligonga ukuta au liliungua?"

"Liligonga ukuta, ndugu," Sigi akajibu bila kupepesa, "ndiyo maana likaungua."

"Na cheti cha ajali?"

"Masikini, nacho kiliungua. Kilikuwa ndani ya gari."

Lothar akafumba macho akingoja pingu. Lakini Wendlandt alikuwa njiani tangu alfajiri, amechoka, na mvua ilianza kumchuruzika kwenye kola. Akatoa kalamu, akaandika: *la tisa liliungua katika majaribio.* Akatia sahihi.

Lothar akapumua. Amepona! Gari moja limepona!

"Sasa tuanze," Wendlandt akasema. "Nani anaingiza la kwanza kwenye mashine ya kuponda?"

Kikosi kikarudi nyuma hatua moja.

"Wewe, Uhlig. Wewe ndiye baba yake."

Akaingiza la kwanza yeye mwenyewe. Akashuka, akafunga mlango kwa heshima, mashine ikalishukia. Kwio! Vioo vikapasuka. Akaingiza la pili, la tatu. La nne hakuangalia tena. Mikono ilikuwa yake, ufunguo ulikuwa wake, na hakuwa na la kufanya. Angekataa, angeingiza mtu mwingine, na huyo asingejua hata kwamba lile la sita linataka kuwashwa kwa kuombwaombwa. Saa saba na robo mchana yote manane yalikuwa mafungu ya bati, kila moja kimo cha meza.

Watu wa Saksonia hata mnyongaji hawamwachi aondoke bila kahawa. Ndivyo walivyo. Bi Traudel Seifert, mshonaji wa viti vya magari, akawasha birika katika chumba cha kikosi, akakata keki ya boga, akaweka vikombe vya maua. Wendlandt akanywa viwili. Uso ukalegea.

"Mimi natumwa tu, jamani," akasema. "Msinione mbaya."

"Hatukuoni, ndugu," akajibu Sigi. "Ongeza keki."

Lothar alikuwa ukutani, kikombe kimempoa mkononi. Moyoni anahesabu dakika: anywe, aage, aende zake. Treni ya Berlin ipo saa tisa.

Ndipo Bi Traudel akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda kabatini, akarudi na kitabu kikubwa chenye jalada jekundu.

"Mgeni hawezi kuondoka bila kutuandikia mstari," akasema. "Kitabu chetu cha kikosi. Mwaka jana kilishinda wilaya nzima!"

Lothar akaweka kikombe chini.

Kila kikosi kilikuwa na kitabu cha namna hii, na wilaya hukisoma mwishoni mwa mwaka ili kutoa cheo. Humo huandikwa kila kitu: siku za kuzaliwa, safari za msituni, nani kaugua, nani kaoa, na masaa yote ya kazi za kujitolea, pamoja na picha za kubandika. Bi Traudel alikitunza miaka tisa. Alipiga mistari kwa rula. Alichora maua pembeni kwa rangi.

Lothar akamvuta kando, karibu na sinki. "Traudel. Ile Jumamosi hukuiandika, sivyo?"

"Jumamosi ipi?"

"Ile!"

"Aa, ile. Nimeandika, fundi. Masaa arobaini na mawili ya kujitolea, niyaache? Tulibakiza thelathini tu kupata cheo!"

"Tuliapa, mama! Tuliapa wote sita!"

"Tuliapa tusimwambie mtu. Sijamwambia mtu," Bi Traudel akasema, naye ameanza kukasirika. "Nimeandika kitabuni tu."

Mungu wangu! Na hakuwa mjinga mama huyu. Alikuwa mkweli, tena mwenye mwandiko mzuri, na kwao jambo lisiloandikwa ni sawa na halikufanyika.

Mezani, Wendlandt anafungua kurasa. Siku ya Wanawake, maua ya karatasi. Anatabasamu. Safari ya kwenda kuogelea. Anafungua. Sigi ameshaona uso wa Lothar, ameshaelewa. Akainuka, akajifanya kujikwaa, na kikombe kizima cha kahawa kikamwagika juu ya kitabu.

"Siegmar! Kitabu changu!" Bi Traudel akaruka na kitambaa. Akakinyanyua, akakikung'uta, akapangusa ukurasa wa Aprili, na ili kurasa zisigandane akafunua ule unaofuata, akautandaza vizuri mbele ya mgeni ukauke.

Jumamosi ya tarehe kumi Mei.

Picha ilikuwa safi. Watu watano wanasukuma gari, wote wanacheka, na nyuma yao kibao kikubwa: Chama cha Wafugaji wa Sungura, Hartenbrück. Chini yake, kwa wino wa buluu: *Kikosi kizima kimelisukuma gari namba tisa hadi banda la maonyesho ya sungura ili lisipondwe. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Masaa arobaini na mawili.* Pembeni kachorwa sungura mwenye utepe shingoni.

Wendlandt alisoma. Akasoma tena.

"Picha nzuri," akasema. "Nani alipiga?"

"Mimi," Bi Traudel akasema kwa furaha. Kisha mkono ukapanda mdomoni.

Wendlandt akafunga kitabu, akakiweka chini ya kwapa. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililowatisha.

"Nimeandika kwa mkono wangu kwamba gari la tisa liliungua," akasema. "Nimetia sahihi. Mkinirudisha Berlin na karatasi mbili zinazogombana, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Nina watoto watatu, Uhlig. Sitaulizwa mimi kwa ajili yenu."

"Libaki hilo moja, ndugu," Lothar akasema. Sauti ilimtoka ya mtu anayeomba maji. "Toeni injini. Litieni ghalani, lifungiwe. Watu waje wajue siku moja kwamba tulijaribu."

"Hicho ndicho wasichotaka kijulikane." Wendlandt akatazama saa yake. "Saa nane na nusu. Saa kumi na moja kamili liwe kwenye mashine. Likiwepo, ukurasa huu nauchana, napanda treni ya jioni, sijaona kitu. Lisipokuwepo naondoka na kitabu, na humu mna majina yenu sita na sura zenu. Na lifunikwe turubai likiletwa. Lisionekane na mtu."

"Lori la kulibebea?" Sigi akauliza.

"Kiwanda cha magari mnakosa lori?"

"Yote mawili yapo mashambani, ndugu. Wiki ya viazi."

Ni kweli tupu. Kila Septemba malori ya kiwanda huenda kuvuna viazi, na hakuna mkurugenzi awezaye kuyarudisha. Wendlandt akajipangusa uso kwa kiganja.

"Basi liendesheni," akasema, na habari ya turubai akaiacha.

Bandani, gari la tisa lilikuwa limelala chini ya vizimba ishirini vya sungura. Lothar na Sigi wakaviondoa kimoja kimoja. Lilikuwa jekundu, na vumbi la majani makavu halikulipunguzia kitu. Sigi akafungua mlango wa nyuma akapiga kelele.

"Fundi! Jike langu la kijivu limezaa kwenye kiti! Saba!"

"Waache."

"Niwaache vipi na tunakwenda kuponda?"

"Watoe basi, Sigi! Watoe, usiniulize mimi!" Lothar akafoka, akageukia ukuta kidogo. Sigi akawakusanya wale watoto wasio na manyoya ndani ya kofia yake, akawaweka kwenye kizimba, akarudi.

Lothar akawasha. Likaitika mara moja, sauti nyororo, mtetemo kidogo kwenye kiganja kisha kutulia. Aliijua sauti ile kuliko ya jamaa zake. Akatamani lingegoma.

Kutoka bandani hadi kiwandani ni kilometa tatu, na hakuna njia ila kupita katikati ya mji. Na mishale ya saa ikawafanyia ubaya: waligusa barabara kuu saa kumi kasoro dakika moja. Saa kumi king'ora cha Amsel kikalia, zamu ikatoka, watu elfu mbili wakamwagika barabarani kwa miguu na baiskeli.

"Kata kushoto, fundi," Sigi akasema. "Kata kushoto, tutoke mjini!"

"Halafu?"

Sigi akatazama kushoto, kisha mbele.

"Halafu twende wapi, Sigi? Niambie pa kwenda, nakata sasa hivi."

Hawakukata. Reli ikawafungia, kizuizi kikashuka, treni ya makaa ikaanza kupita kwa mwendo wa kobe. Na watu wakalizunguka gari.

Walianza kwa mikono. Waligusa tu. Mama mmoja akapitisha kidole kwenye bati, akagonga kwa ukucha. "Bati," akamwambia mwenzake. "Bati kweli!" Mtu akanyanyua mlango wa nyuma, akachungulia. "Hapa kitanda cha mtoto kinaingia. Na masanduku." Mwingine akainama kwenye bomba la moshi akanusa, na watu wakacheka.

"Fundi Uhlig! Mmetuficha hivi? Linatoka lini?"

Lothar akashika usukani kwa mikono miwili akitazama treni. Aseme nini? Hawa ndio aliowaundia. Miaka saba aliwawaza hawa hawa, na sasa wamelipata kwa dakika tano za kizuizi cha reli.

"Linatoka lini, fundi? Sema basi, usilete maringo!"

"Muulizeni mtu wa Berlin!" Sigi akapasuka. "Yupo kiwandani, muulizeni yeye!"

Ee Sigi wewe! Alisema kwa hasira. Lakini watu walisikia wanachotaka kusikia. Mtu wa Berlin yupo kiwandani. Kwa nini awepo, kama si kuandikisha? Mama mmoja akarukia baiskeli. Kisha wawili, kisha kumi, kisha reli haikuonekana kwa watu waliokuwa wakigeuka kurudi kiwandani walikotoka.

Na mimi nimekaa na watu hawa, nawajua. Wakiona foleni wanasimama kwanza, kuuliza ni ya nini baadaye. Hadi kizuizi kinapanda na Lothar anafika langoni, foleni ilikuwa imepita duka la mikate na kukunja kona. Mbele kabisa alisimama Mzee Oelsner, tarishi mstaafu, na kibao cha kuandikia. Anachukua majina na anwani, kwa namba, ili asiingie mtu katikati.

Foleni ikapiga makofi gari lilipopita.

Wendlandt alikuja mbio hadi dirishani, mweupe kama chaki. "Umewaambia nini?"

"Sijafungua mdomo."

"Basi ufungue sasa. Panda hapo juu, uwaambie gari ni bovu. Waondoke."

"Si bovu."

"Najua si bovu!" Wendlandt akanong'ona meno yamebana. "Faili lake nimelisoma mara mbili. Panda. Kitabu ninacho hapa, Uhlig. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi."

Lothar akapanda juu ya boneti kwa soksi, maana hakuweza kulikanyaga kwa viatu. Zogo likashuka. Nyuso zile zote aliwahi kuziona, dukani, kanisani, mazikoni kwa Hannelore. Bi Traudel alikuwa langoni, anatikisa kichwa, anatikisa tu.

"Breki zake..." Lothar akasema. Akasimama. Akaanza tena. "Breki zake hazishiki. Gari hili ni bovu. Mimi ndiye niliyeliunda, na nimeliharibu. Nendeni nyumbani."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujifuta.

Kisha sauti ikatoka katikati ya foleni: "Bovu hivyo hivyo tunalitaka! Mimi ni wa ishirini na tatu, sitoki hapa!"

Kicheko kikalipuka. Hakuna hata mmoja aliyeondoka. Waliokuwa mwishoni wakasogea mbele.

Na hapo Lothar, aliye juu, akaona alichochelewa kukiona. Mzee Oelsner ametoka foleni. Anamwendea Wendlandt, kifua mbele, na kibao chake mkononi.

"Ndugu kutoka Berlin," mzee akasema kwa sauti ya kutangaza, "mia mbili na kumi na moja. Majina na anwani zote. Nimeandika na juu kabisa, isije ikasahaulika: sisi wote tunalitaka hili, lile la plastiki hatulitaki tena."

"Usimpe!" Lothar akapiga kelele. "Mzee, usimpe!"

Makofi yakammeza. Wendlandt alipokea karatasi zile. Akazisoma polepole, kutoka juu, kama alivyosoma kitabu. Mabega yake yakashuka, na rangi ikarudi usoni. Lothar akaelewa yote kwa mara moja. Mtu huyu tangu saa nane alikuwa anatafuta wa kuulizwa badala yake, na sasa ameletewa mia mbili na kumi na moja, kwa anwani.

Lothar akaruka kutoka juu ya gari, lakini watu walikuwa wamejaa pande zote, wanampongeza, wanamshika mikono, hawamwachii. "Niacheni! Niacheni nipite!" Wakadhani ni unyenyekevu.

Mwanamke mnene mwenye mfuko wa viazi akajipenyeza mpaka kwa Wendlandt, akamshika mkono wa koti. Alikuwa Renate, mke wa Sigi.

"Ndugu, mimi nimechelewa, sikuandikwa. Usije ukaniacha nje, nakuomba. Mume wangu ndiye aliyelichomelea gari hili."

Wendlandt akamtabasamia. Akatoa kalamu.

"Usihofu, mama. Nitakuandika mimi mwenyewe," akasema. "Mume wako anaitwa nani?"